Amado Nervo: mshairi wa Mexico aliyeyaambia maisha "hatudaiani" wakati hana hata mshahara

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mdau kwenye uzi mwingine alitamba kwamba Amerika ya Kilatini ilitoa mshairi mmoja tu, Neruda, waliobaki ni wasindikizaji. Nikaona huyu asijibiwe kwa matusi, aletewe mtu. Mtu mwenyewe ni Amado Nervo wa Mexico: mwanaseminari aliyeacha njiani, mwandishi wa magazeti, mshairi, na mwanadiplomasia aliyefia kazini ugenini. Serikali za nchi kadhaa zikatoa manowari kuurudisha mwili wake nyumbani. Nitashusha kwa vipande, msinikimbize.

Alizaliwa Tepic, mji wa magharibi mwa Mexico, tarehe 27 Agosti 1870. Baba alifariki angali mtoto, mama akabaki na kundi la watoto. Kwa familia ya namna ile, mtoto mwenye akili alikuwa na mlango mmoja ulio wazi: kanisa. Akapelekwa shule Jacona, kisha seminari ya Zamora, jimbo la Michoacán. Upadri haukufika. Fedha za nyumbani ziliyumba, ikabidi atoke kutafuta riziki.

Alitua Mazatlán, mji wa bandari kwenye Pasifiki. Akawa anafanya kazi kwenye ofisi ya wakili na huku anaandikia gazeti la huko, *El Correo de la Tarde*. Hiyo ofisi ya wakili iwekeni akilini, tutaihitaji mbele.

Mwaka 1894 akahamia Mexico City, akajibanza kwenye *Revista Azul*, jarida la Manuel Gutiérrez Nájera na Carlos Díaz Dufoo. Mwaka uliofuata akatoa riwaya fupi, *El bachiller*, na mji ukachafuka. Kisa chenyewe: kijana wa seminari anaandamwa na tamaa ya mwanamke, anaona hana ujanja mwingine, anachukua kisu cha kukatia karatasi na kujihasi. Kwa jamii ya Kikatoliki ya 1895 hilo lilikuwa bomu. Walioshtuka wakanunua, walionunua wakashtuka zaidi, na jina la Nervo likakaa mdomoni mwa kila mtu.

Naendelea baadaye.

#2

Nimeweka mkeka, nakaa mkao wa kula. Ila mkuu, mahali pengi wanamwita "modernista". Hao si ndio wale walioandika mashairi yasiyo na vina, ukisoma mpaka kichwa kinauma?

#3 (Mleta uzi)

Swali zuri mkuu, na usipoliweka sawa utapotea safari nzima. Hao unaowasema wewe ni wa Ulaya na Marekani, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wa Amerika ya Kilatini walitangulia na walikuwa kitu kingine. Kiongozi wao alikuwa Rubén Darío wa Nicaragua, kitabu chake *Azul...* kilitoka Valparaíso, Chile, mwaka 1888. Vina hawakuvitupa hata kidogo. Waliona Kihispania cha mashairi kimechakaa kwa kurudiarudia mambo yale yale ya Hispania, wakaenda kuchota muziki kwa Wafaransa, wakabadilisha urefu wa mishororo na kuchezea mizani. Makoloni ya zamani ndiyo yaliyoanza kumfundisha mkoloni namna ya kuandika kwa lugha yake mwenyewe.

Nervo aliingia humo na harufu ya ubani bado iko kwenye nguo. Mwaka 1898 alitoa vitabu viwili, *Perlas negras* na *Místicas*, na hicho cha pili kimejaa watawa, misalaba na mtu anayetaka kuamini huku akili inambishia. Wenzake walikuwa wanaandika kuhusu mabata maji na mabinti wa kifalme. Yeye anaandika kama mtu aliyefukuzwa kanisani lakini bado amesimama mlangoni.

Mwaka 1900 gazeti la *El Imparcial* likamtuma Paris kuripoti Maonyesho ya Dunia. Huko akakutana na Darío mwenyewe, wakaishi nyumba moja kwa muda. Kazi ya gazeti haikudumu, akabaki Paris mfuko mtupu, anaandika hiki na kile ili ale.

Na ni Paris hiyo hiyo, tarehe 31 Agosti 1901, alipokutana na Ana Cecilia Luisa Dailliez, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa na binti mdogo, Margarita. Tarehe hiyo hatuikisii, Nervo mwenyewe aliiandika. Waliishi pamoja zaidi ya miaka kumi. Hawakuoana. Na karibu dunia yote haikujua.

#4

Hapo ndipo mnaponikera nyie wapenda mashairi. Mtu anaishi na mwanamke miaka kumi, anamfungia ndani kama mzigo wa magendo, halafu akifa anamwandikia mashairi mazuri tunapiga makofi. Angemtoa mchana watu wamuone akiwa hai.

#5 (Mleta uzi)

Dada, sikupingi, na sitamtetea hapo. Ila ngoja niweke mazingira, hukumu utatoa mwenyewe.

Nervo alirudi Mexico, akafundisha Kihispania kwenye Escuela Nacional Preparatoria, na mwaka 1905 akaingia kwenye utumishi wa kidiplomasia. Akapangiwa ubalozi mdogo wa Mexico mjini Madrid, akaanza kama katibu wa pili, baadaye wa kwanza. Madrid ya wakati ule ni mji wa mfalme, wa mapadri, wa kadi za mwaliko. Katibu wa ubalozi anayekaa na mwanamke wasiofunga ndoa hana maisha marefu kazini. Basi akachagua: nje kuna Don Amado, kijana mtanashati wa hafla na vikao vya waandishi, ndani kuna Ana. Alipanga nyumba mtaa wa Bailén, jirani na kasri la mfalme, akaweka na darubini ya kutazamia nyota, kwa sababu elimu ya nyota ilikuwa ugonjwa wake tangu Mexico.

Kazi za ofisini hazikuwa za kishujaa. Ila kuna moja naipenda: wizara ya elimu ya Justo Sierra ilimpa jukumu la kutuma ripoti za namna lugha na fasihi vinavyofundishwa Ulaya. Alizituma kwa miaka, nyingi, nazo zikachapishwa kwenye jarida la wizara. Mshairi mwenye jina kubwa bara zima anakaa mezani kuandika kuhusu mitaala. Hilo halimo kwenye sanamu zake.

Ana akaugua homa ya matumbo, akafariki tarehe 7 Januari 1912. Sasa fikiria huyu bwana. Hana haki ya kuitwa mjane. Ofisini atasema nini, amefiwa na nani? Akajifungia akaandika kitabu kizima, *La amada inmóvil*, yaani mpenzi asiyetikisika tena, halafu akakiweka. Kilitoka baada ya yeye mwenyewe kufa. Kwa hiyo dada, makofi unayosema hakuyasikia, angalau si ya kitabu hicho kikiwa kamili.

Humo kuna shairi fupi linaloanza hivi, nalitafsiri kwa mkono wangu:

*Alikuwa akinibusu sana, kama mwenye hofu
ya kuondoka mapema mno.*

Hakuna msalaba, hakuna malaika, hakuna ua. Mtu amekaa anakumbuka mabusu yalivyokuwa mengi, na leo ndiyo anaelewa kwa nini yalikuwa mengi. Lingine, *Gratia plena*, linachukua maneno ya Salamu Maria na kumpa Ana. Kwa mwanaseminari wa zamani hiyo ni hatari kubwa: anamvisha mwanamke ambaye kanisa halikumtambua nguo za Bikira.

#6

Bado sijaridhika, ila hiyo mishororo miwili imenishika. Haya endelea.

#7

Mkuu naomba kuuliza. 1910 Mexico si kulikuwa na mapinduzi? Rais Porfirio Díaz akaondoka, Madero aliyeingia baadaye akauawa, jenerali Huerta akaja akatimuliwa. Jamaa yupo Madrid anakula mshahara wa nani muda wote huo?

#8 (Mleta uzi)

Wa yeyote aliyekuwepo ikulu! Umepiga penyewe. Díaz aliondoka Mei 1911, Nervo yupo. Madero akaingia, Nervo yupo. Februari 1913 Madero akauawa, Huerta akakalia kiti kwa damu, Nervo bado yupo mezani. José Juan Tablada, mshairi mwenzake, alimshabikia Huerta hadharani na ikambidi akimbilie New York. Nervo hakushabikia wala hakujiuzulu. Alinyamaza. Mwenye kumwita mwoga ana hoja, na mwenye kusema alikuwa na familia ya kulisha mbali na kwao naye ana hoja.

Ukimya haukumwokoa. Mwaka 1914 Huerta akaanguka, Carranza, kiongozi wa wanamapinduzi, akaingia na kuvunja utumishi wote wa kidiplomasia. Nervo akajikuta Madrid bila kazi, Ulaya imeingia vitani, ana Margarita wa kumlea. Marafiki wa Hispania wakapendekeza bunge lao limpe posho. Akashukuru, akakataa.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo nilipokuwa nawapeleka. Machi 1915, katika hali hiyo hiyo, ndipo alipoandika *En paz*. Kihispania kizima kinalijua shairi hili. Linasomwa kwenye mahafali, linasomwa kwenye mazishi, limebandikwa kwenye kadi na vikombe vya chai. Watu wanadhani liliandikwa na mzee aliyeshiba, ameketi barazani na pensheni yake. Liliandikwa na mtu wa miaka 44 aliyefukuzwa kazi na ambaye kilio chake hakuwahi kukilia hadharani.

Kwa watu wa mizani: mshororo una silabi 14, umekatwa katikati saba kwa saba, ukwapi na utao. Ukiusikia unasomwa kwa sauti utaona pumzi inakatika mahali pale pale kila mara, kama mtu anayehesabu. Na kweli anahesabu! Anaanza kwa kuyabariki maisha kwa kuwa hayakumpa tumaini la uongo, wala kazi ya dhuluma, wala huzuni asiyostahili. Kisha anakiri:

*Kweli, usiku wa huzuni zangu niliuona mrefu,
lakini hukuniahidi usiku mwema peke yake.*

Na mwisho:

*Nilipenda, nikapendwa, jua likanipapasa uso.
Ewe maisha, hunidai sikudai, tumelipana.*

Mnaikumbuka ile ofisi ya wakili Mazatlán? Shairi zima limejengwa kama mkataba. Uliniahidi nini, hukuniahidi nini, nani anamdai nani. Anaukagua mkataba mstari kwa mstari na kukuta kwamba kifungu cha furaha ya kudumu hakikuwemo, kwa hiyo hana pa kushtaki. Huo si utulivu wa kushiba. Ni mdai aliyepitia makaratasi yake yote akaona kesi haina miguu, akaamua kusamehe kabla hajashindwa.

#9

Umelisoma vizuri mkuu lakini umeruka mstari uliopo mwanzoni, ule anaosema yeye ndiye fundi aliyejijengea hatima yake mwenyewe. Fundi gani? Carranza katia saini, jamaa hana kazi. Homa ya matumbo ikamchukua mke. Alijijengea nini hapo? Huu mstari ndio unaolifanya shairi lipendwe na wauza semina za kujiendeleza, na mimi nasema ni uongo mtupu.

#10 (Mleta uzi)

Nakubaliana nawe nusu. Mstari ule ndio dhaifu kuliko yote, na ndio maarufu kuliko yote, kwa sababu unapendeza ukutani. Anasema alipopanda mawaridi alivuna mawaridi. Sawa. Homa alipanda lini?

Ila soma tena ubeti unaofuata. Anaanza na fundi, anaishia na usiku mrefu ambao hakuujenga yeye. Shairi linamsuta mwandishi wake ndani ya beti chache tu. Kama alikusudia hivyo, ni fundi kweli. Kama hakukusudia, basi huzuni ilimponyoka. Mimi naona ilimponyoka, na ndiyo maana silitupi.

#11

Wadau, mnamzungumzia kama alikuwa analia tu. Nervo ni miongoni mwa watangulizi wa hadithi za kubuni za kisayansi kwa Kihispania. Ana hadithi *La última guerra*, ndani ya *Almas que pasan* ya 1906: mbele huko, maelfu ya miaka, wanyama wamepata akili na lugha, wamechoka kutumikishwa na binadamu, wanapanga maasi. Binadamu waliokwisha kuasi mara kadhaa kudai usawa hawakuwahi kufikiri kwamba kuna walio chini yao wanaohesabu siku. Ilitoka miaka karibu 40 kabla ya yule Mwingereza George Orwell na nguruwe wake wa *Shamba la Wanyama*.

Lakini nina dukuduku na *La raza de bronce*. Alilisoma Bunge la Mexico Julai 1902 kumuenzi Benito Juárez, rais wa zamani aliyetoka kwa Wazapoteki, kabila la wenyeji. Mashujaa wa kale wa wenyeji wanatokea na kuzungumza, jamii ya shaba inatukuzwa, wabunge wanashangilia. Na miaka hiyo hiyo serikali ya Díaz inawakamata Wayaqui, wenyeji wa kaskazini, na kuwasafirisha Yucatán kufa kwenye mashamba ya katani. Wazalendo wa bunge walimpenda mwenyeji wa kwenye shairi, wa kwenye ardhi yake hawakumtaka.

#12 (Mleta uzi)

Mkuu umenisaidia, hiyo ya Wayaqui ilibidi isemwe. Nitaongeza tu kwamba maneno yakishatoka mdomoni si ya mwenyewe tena. "La raza de bronce" yalifufuliwa miaka ya 1960 na vijana wenye asili ya Mexico huko Marekani katika harakati za kudai haki, na wao hawakuwa wanashangilia serikali yoyote.

Nimalizie safari. Mwaka 1916 Carranza akamrudisha kazini, 1918 akaitwa nyumbani, kisha akateuliwa kuwa mwakilishi wa Mexico nchini Argentina na Uruguay. Uteuzi huu haukuwa zawadi ya kustaafia. Marekani ilikuwa imeikalia bandari ya Veracruz 1914, na 1916 jeshi la jenerali Pershing likaingia kaskazini kumsaka Pancho Villa, kiongozi wa wapiganaji wa mapinduzi. Carranza alihitaji marafiki upande wa kusini. Argentina, Brazil na Chile ndizo zilizokuwa zimeketi kama wapatanishi kati ya Mexico na Marekani ule mwaka wa 1914. Sasa ukitaka kupendwa Buenos Aires unamtuma nani, kanali? Ukamtume mtu ambaye mabinti wa pale wanamjua kwa moyo kabla hajashuka melini.

Akapokewa kwa shangwe mapema 1919. Akavuka mto kwenda Montevideo, lakini figo zilishamshinda. Alilala kwenye Parque Hotel, pembezoni mwa maji, rafiki yake mpya Juan Zorrilla de San Martín, mshairi mkubwa wa Uruguay na Mkatoliki wa kweli, akiwa karibu naye. Tarehe 24 Mei 1919 akafariki. Umri miaka 48.

Hapa nasema jambo ambalo wengine mtanipinga: kazi yake kubwa zaidi ya kidiplomasia aliifanya akiwa maiti. Uruguay ilimpa heshima za kitaifa, ikamhifadhi kwanza kwenye makaburi ya mashujaa wake, kisha ikamsafirisha kwa meli ya kivita. Argentina ikatoa yake kusindikiza. Huko Havana Wacuba wakaunga. Novemba mwili ukashushwa Veracruz, bandari ile ile iliyokaliwa na Wamarekani miaka mitano nyuma, safari hii meli za kigeni zikiwa zimekuja kwa adabu. Akazikwa Mexico City tarehe 14 Novemba 1919, kwenye Rotonda ya watu mashuhuri katika makaburi ya Dolores. Inasemwa waliojitokeza walifika laki tatu. Nchi iliyokuwa imechinjana karibu miaka tisa ilipata siku moja ya kulia kitu kimoja.

Mwanadiplomasia mwenzake Alfonso Reyes akazikusanya kazi zote, zikachapwa Madrid kuanzia 1920, juzuu 29.

#13

29! Na bado mimi ndiyo kwanza namsikia leo?

#14 (Mleta uzi)

Ndugu yangu, hizo 29 ndizo zilizomzika mara ya pili. Aliandika kupita kiasi. Waliokuja nyuma yake, kizazi cha washairi wa *Contemporáneos* miaka ya 1920, walimwona laini, mwenye machozi ya karibu, mshairi wa wanawake wa kughani kwenye sherehe za shule. Nami nimesoma mashairi yake ya mwishomwishoni, ya *Plenitud* na *Elevación*, mengine ni mahubiri yaliyovikwa vina. Alipoanza kutoa ushauri, ushairi ulipungua. Alipokuwa na wasiwasi ndipo alipoandika vizuri.

#15

Kuna kitu Mexico na mabalozi washairi au ni bahati tu? Octavio Paz India, Reyes Brazil, Torres Bodet mpaka akaongoza UNESCO, Rosario Castellanos kafia Tel Aviv akiwa balozi 1974.

#16 (Mleta uzi)

Si bahati, ni ajira. Vitabu havilishi, wizara ya mambo ya nje inalipa, na serikali inapata mtu anayejua kuongea. Ila bei ipo. Paz aliachia ubalozi wa India mwaka 1968 baada ya serikali yake kuua wanafunzi waliokuwa wakiandamana Tlatelolco, Mexico City. Nervo, mbele ya damu ya Madero, hakuachia. Ukiwaweka hao wawili kwenye mizani utajua kwa nini wasomi wa leo wanamtaja Paz kwa heshima na Nervo kwa tabasamu.

#17

Mimi yule wa #4. Nianze na kipi? Kihispania changu cha kuungaunga, na usinielekeze kwenye juzuu 29.

#18 (Mleta uzi)

Dada, anza na *La última guerra*, ni fupi na Kihispania chake kimenyooka. Kisha uende *La amada inmóvil* na usisome mfululizo, linachosha, chukua shairi moja moja. *Cobardía* liko kwenye *Serenidad*, dakika moja unalimaliza: binti anapita na mama yake, mwanamume anamtamani, anaogopa kupenda, anamwacha apite. *En paz* libakize mwisho, ulisome kwa sauti. Ukifika kwenye mstari wa fundi, zomea kama mdau wa #9, kisha uendelee.

Na ile *Juana de Asbaje* ya 1910, kitabu chake kuhusu Sor Juana, mtawa mshairi wa karne ya 17, itafute ukiwa na nguvu. Alikitunuku kwa wanawake wote wa nchi yake. Ana alikuwa hai bado, yuko chumba cha pili. Hapo najua utarudi na maneno, nakusubiri.